Mwezi wa sita sio miezi sita: tufungue huu mkanganyiko wa lini mtoto aanze kula

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki hapa Dodoma nimempeleka wa kwangu kupima uzito, pembeni yangu kakaa binti mdogo tu na mtoto wake wa kwanza, katoto kanalia halafu kanatafuna ngumi. Ndani ya dakika tano kashapata washauri watatu na hakuomba hata mmoja. Mama mtu mzima akamwambia "mwanangu huyo ana njaa, maziwa matupu hayamtoshi, mpe uji mwepesi." Wa pili akasema hapana mama, siku hizi ni miezi sita, ila we mpe maji tu maana joto la Dodoma unalijua. Wa tatu akasema wa kwake alianza ndizi ana miezi minne na leo yuko darasa la pili anacheza mpira kama kawaida. Yule binti akanigeukia mimi kama vile ndo hakimu, na mimi nikabaki natabasamu kijinga kwa sababu wa kwangu wa kwanza nilimpa uji akiwa na miezi mitatu na nusu.

Sasa nilipofika nyumbani nikawaza, hawa wote watatu hakuna aliyekuwa anamdanganya. Kila ushauri una mahali ulipotokea, na ukishajua umetokea wapi unajua pia uufanyie nini.

Tuanze na maneno kwanza, maana nusu ya ugomvi ni maneno. Kunyonyesha maziwa ya mama pekee maana yake ni maziwa ya mama basi, hakuna maji, hakuna glukosi, hakuna chai, hakuna yale maji ya mchele wala ile dawa ya tumbo ya chupa wanayouza duka la dawa kila mtoto akijikunja. Kinachoruhusiwa ni dawa alizoandikiwa, matone ya vitamini akipewa, na ile chumvichumvi ya kuharisha pale inapohitajika. Wamama wengi ukiwauliza wanakwambia "mi nanyonyesha tu", ukichimba kidogo unakuta na maji anampa, kwa sababu kichwani mwake maji sio chakula. Chakula cha nyongeza ni kile kinachokuja juu ya maziwa, jina lenyewe linasema, nyongeza, sio badala. Na kuachisha ziwa ni habari nyingine kabisa, hiyo ni mtoto kuacha kunyonya, na Shirika la Afya Duniani linasema anyonye mpaka miaka 2 na hata zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mwachishe, ashaanza kula" kachanganya vitu viwili ambavyo kati yake kuna mwaka mmoja na nusu.

Halafu kuna hesabu. Hii ndo inaniuma zaidi kwa sababu ni kosa la Kiswahili chetu tu, halina hata ujinga ndani yake. Mtoto aliyezaliwa tarehe 9 Machi, tarehe 9 Agosti anatimiza miezi mitano na siku hiyo hiyo tunasema "kaingia mwezi wa sita". Bibi yake akisikia mwezi wa sita anasonga uji. Lakini miezi sita kamili anaitimiza tarehe 9 Septemba, siku kama 180 tangu azaliwe. Mwezi mzima umepotea hapo kwenye neno "kaingia". Na ukimwambia mtu kwa simu "aanze mwezi wa sita" kuna atakayeelewa Juni, hilo nimelishuhudia kwa masikio yangu. Kwa hiyo usihesabu miezi kwa mdomo, chukua kadi ya kliniki, angalia tarehe ya kuzaliwa, hesabu mpaka tarehe ileile mara sita, andika kwa kalamu. Aliyezaliwa njiti hesabu yake ina mambo yake, huyo waulize pale pale kliniki.

Na hii miezi minne inatoka wapi? Yule mama mtu mzima wa kwenye benchi kama alizaa miaka ya 90 basi manesi wenyewe walimwambia miezi minne. Ushauri wa dunia nzima wakati ule ulikuwa kati ya miezi 4 na 6, na kati ya 4 na 6 kila mtu anasikia 4. Mwaka 2001 ndo Shirika la Afya Duniani likabadilisha likasema miezi 6. Kwa hiyo mama mkwe akikwambia "sisi tulifundishwa minne" anasema kweli tupu, usimcheke wala usimjibu vibaya, mwambie tu mama, waliwabadilishia baada ya ninyi kumaliza kuzaa.

Kilichowabadilisha mawazo ni kitu rahisi sana kuelewa. Huko Honduras miaka ya 90 walichukua watoto wa miezi minne wakawagawa, wengine wakaendelea na ziwa tu, wengine wakaongezewa chakula, tena chakula safi kilichoandaliwa vizuri. Matokeo yake wale walioongezewa hawakukua zaidi, kwa sababu walipunguza kunyonya kwa kiasi kile kile walichokula. Yani uji haukuingia juu ya maziwa, uliyasukuma maziwa nje ukakaa nafasi yake. Na uji wetu ule mwepesi wa kumimina kwenye chupa una nini ukilinganisha na maziwa? Maji na wanga kidogo. Tafiti nyingine zikaonyesha wanaokaa na ziwa tu mpaka sita wanapata magonjwa ya tumbo machache kuliko wanaoanzishiwa mapema, na hilo kwa sisi tunaochota maji kwenye ndoo ni jambo zito kuliko linavyosikika.

Mtu atauliza mbona kopo la unga wa mtoto kutoka nje limeandikwa "kuanzia miezi 4". Ni kweli, Ulaya wataalamu wao wa tumbo la watoto wanasema isiwe kabla ya miezi minne na isichelewe kupita sita. Hiyo sio ruhusa ya kuanza minne, ni mipaka wamekuwekea huku na huku, halafu ni watu ambao wakifungua bomba maji yanayotoka wanayanywa hapo hapo.

Sasa turudi kwenye ngumi. Mtoto akitafuna ngumi tunasema njaa, akilia jioni njaa, akiamka usiku mara nne njaa. Ila mtoto wa miezi mitatu anatafuna ngumi kwa sababu ndo kwanza kagundua ana mikono. Kulia kwa jioni kunapanda mpaka kwenye wiki ya sita hivi halafu kunashuka kwenyewe kufika miezi mitatu, minne, na hapo ukiwa umempa uji utasema uji ndo umemtuliza kumbe muda. Halafu kuna siku mtoto ananyonya kama kachanganyikiwa, kila nusu saa anataka, mama anajishika kifua anaona maziwa yamelegea, anajua ndo yameisha.

Hapa nakuomba uwaze kile kisima cha mchangani kwenye korongo, watu wa huku kati tunavijua. Unachimba kwenye mchanga mkavu, maji yanajaa kidogo kidogo, unachota na kata, unasubiri, yanajaa tena. Ukichota yanakuja, ukiacha kuchota mchanga unajirudia kisima kinakufa. Ziwa ndo lilivyo. Mtoto anaponyonya sana siku mbili tatu anachofanya ni kuchimba kisima, anaagiza maziwa mengi zaidi kwa ajili ya wiki ijayo. Ukimpa uji siku hizo umemnyang'anya kata. Ananyonya kidogo, mwili unaona oda imepungua, unatengeneza kidogo, na baada ya wiki mbili mama anasema "si niliwaambia maziwa yangu hayatoshi". Mi ndo yalinikuta kwa wa kwanza, na nililaumu maziwa yangu miaka mingi bure.

Kujua kama yanatosha usiangalie kulia, angalia mkojo na mizani. Kuanzia ile wiki ya pili akilowesha nepi mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi unapanda, anashiba huyo hata kama analia kama king'ora. Mstari ukilala au ukishuka, hapo ongea na nesi, usiongee na benchi.

Na kulala je? Niseme ukweli maana mtu ataniletea. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2018 ulikuta watoto walioanzishiwa chakula mapema walilala zaidi, tofauti ilipokuwa kubwa kabisa ilikuwa kama dakika 16 kwa usiku. Dakika kumi na sita jamani. Hazitoshi hata kuchemsha uji wenyewe.

Kuna ushauri mwingine wa miezi mitatu ambao hautokani na mila wala na makopo, unatokana na kalenda ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi siku 84, wakizaliwa mapacha siku 100. Piga hesabu, siku 84 ni wiki 12, na wengine likizo wanaianza kabla hawajajifungua, kwa hiyo mama anarudi Mtumba kwenye ofisi za serikali au dukani au shuleni kufundisha wakati mtoto hajafika hata hiyo miezi mitatu. Hapo ndo dada wa nyumbani anakabidhiwa unga. Nikisikia mtu anasema wamama wa siku hizi wavivu kunyonyesha nachukia, mtu anaambiwa anyonyeshe siku 180 halafu anapewa 84. Sheria hiyo hiyo inataka mwajiri akuruhusu mpaka saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha, wengi hatuijui na wengine tunaijua tunaogopa kuitaja. Njia nyingine ni kukamua. Yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko, nje yanahimili kama saa nne chumba kikiwa hakijapita nyuzi 25, ila mchana wa Oktoba hapa Dom chumba kinapita hapo kirahisi, kwa hiyo friji, humo yanakaa mpaka siku nne. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, chupa zinasumbua kusafisha na zinaficha uchafu kwenye ile chuchu.

Maji sasa, yule mshauri wa pili. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Joto likizidi mtoto ananyonya mara nyingi zaidi na mama ndo anatakiwa anywe maji. Ukimpa yeye maji umemjazia tumbo dogo kitu kisichomjenga, na kama hayakuchemshwa umempa na kuharisha juu yake. Utosi ukicheza cheza sio kiu, ndo ulivyo. Utosi uliobonyea ndani, midomo mikavu, mkojo hakuna, hiyo ni hatari, ni hospitali moja kwa moja, sio kijiko cha maji.

Na mama anayeishi na VVU na anatumia dawa zake vizuri naye ni hivyo hivyo, ziwa tu mpaka miezi sita. Kuchanganya uji na ziwa mapema kwa mtoto wake kuna hatari ya ziada ya kumwambukiza, kwa hiyo kwake hizi taarifa za benchi ni ghali zaidi.

Haya, sasa kuna kundi la pili ambalo halisemwi sana. Wale waliosikia "ziwa pekee" wakapenda, mtoto ana miezi tisa bado ananyonya tu na vijiko viwili vya uji, mama anajisifu. Hapana. Mtoto akizaliwa anakuja na kihenge chake cha madini chuma alichojaziwa tumboni. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, kwa hiyo anachota kihengeni, na kwenye miezi sita kihenge kinaonekana sakafu, kama kwetu mwezi wa pili mavuno ya mwaka jana yanavyoisha. Ndo maana ni sita na sio tisa. Na wakati huo huo mwili nao unakuwa tayari, anakaa ukimshikilia kidogo, shingo imekaza, ulimi hausukumi tena kijiko nje, anafuata tonge lako kwa macho. Ukiona ulimi bado unatema kila kitu usimpige kofi la mgongo, subiri siku chache ujaribu tena.

Na hapa ndo ninapoona tumeliwa. Tumegombana miaka yote juu ya lini, halafu siku yenyewe ikifika mtoto anapewa uji wa maji na sukari. Takwimu za nchi za 2022 zinaonyesha watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na kudumaa huko sehemu kubwa kunaingia kati ya miezi sita na miaka miwili, wakati ule ule wa uji.

Tumbo la mtoto wa miezi saba linabeba kama kikombe cha chai. Ukilijaza uji unaomiminika umelijaza maji. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko uning'inie, usikimbie. Unaogopa utamkaba? Wazee wetu walikuwa na kimea, ulezi ulioloweshwa ukaota ukakaushwa ukasagwa, ukitia kijiko kimoja kwenye uji mzito wa moto unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji, halafu unaurudisha jikoni uchemke kidogo. Unaanza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, akifika miezi tisa mara tatu au nne na kitu cha kutafuna katikati.

Sasa ule unga wa lishe. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, dagaa, vyote mashine moja, tunanunua tukiamini wingi wa majina ndo lishe. Nafaka sita ni kundi moja la chakula, ni sawa na mtu kavaa mashati sita akadhani kavaa na suruali. Soya isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia protini isisagike tumboni. Karanga ndani ya unga zinachacha haraka, na kuna sumukuvu, yani sumu inayotokana na ukungu. Hii sio hadithi ya mbali, 2016 hapa hapa Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki, mahindi ndo yalikuwa chanzo. Ile sumu ya kwenye ukungu moto wa jikoni hauimalizi. Kwa hiyo chagua punje mwenyewe, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu tupa (na usiwape kuku pia), saga nafaka moja au mbili, kiasi kidogo cha muda mfupi, hifadhi pakavu. Vile vingine weka wakati wa kupika, karanga mbichi nzima umezichambua ukaziponda, au yai, au kunde zilizoloweshwa zikaiva zikapondwa, au maini, au kuku unayemchambua nyuzi nyuzi. Chuma kimo hasa kwenye maini na nyama. Ukimpa maharage ongezea ubuyu kidogo uliokorogwa ukachujwa, vitamini C yake inasaidia chuma kuingia mwilini, na mibuyu kwetu huku haina shida. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, inakizuia, na sijui nani alituambia chai ni chakula cha mtoto.

Mengine haraka haraka. Mayai eti mtoto atachelewa kuongea, hakuna kitu kama hicho. Kuna waliosoma zamani kwamba mayai na karanga vingoje miaka miwili mitatu kwa ajili ya mzio, huo ushauri wa Marekani wa mwaka 2000 wenyewe walioutoa waliufuta 2008, na 2015 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha watoto walioko kwenye hatari ya mzio wa karanga waliopewa mapema ndo walioepuka huo mzio zaidi. Ila karanga iwe imepondwa, nzima inakaba. Zabibu zetu hizi pia, pasua vipande vinne kwa urefu. Asali ingoje mwaka mmoja hata iwe safi kutoka Manyoni kwa mjomba wako, kuna vijidudu humo tumbo la mtu mzima linavimudu na la kichanga haliwezi. Maziwa ya ng'ombe ya kunywa kama mlo nayo yangoje mwaka.

Na kubemenda? Mtoto aliyekonda tukasema wazazi wamembemenda, mama akaona aibu akaachisha ziwa. Baba na mama kulala pamoja hakuharibu maziwa. Huyo mtoto mpe ziwa na yai na umpeleke kliniki.

Swali la mwisho ni la yule binti wa benchi, maana kumbe alikuwa kashaanza, kamnong'oneza nesi kwamba uji alishampa wiki nzima na mtoto kaingia mwezi wa tano. Nesi hakumfokea. Alimwambia aache uji, amweke mtoto ziwani kila anapotaka, usiku na mchana, na siku tatu nne za mwanzo atalia sana na kifua kitaonekana kitupu, avumilie maana kisima kinachimbwa upya, halafu arudi baada ya wiki mbili wampime. Kisha akachukua kalamu akaandika juu ya kadi, kwa herufi kubwa, tarehe ya kuanza kula.